Na Nisipopata Mtu wa Kumwingiza?

Jumamosi mchana, ukumbi wa ghorofani pale Mwanjelwa, Mbeya. Ni semina ya biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa za kampuni na kuingiza wengine chini yako. Viti vya plastiki vimejaa, juu ya kila kiti kuna katalogi. Mtoa mada amechora duara moja juu ya ubao mweupe, chini yake matano, na chini ya kila moja mengine matano. Mstari wa nne haukutosha ubaoni. Nyuma kabisa, mama wa makamo mwenye kitenge begani akainua mkono.

"Samahani mwanangu. Na nisipopata mtu wa kumwingiza?"

Kijana akatabasamu. "Mama yangu, hapo sasa ndipo tunapoanza kubadilisha mtazamo." Makofi. Picha iliyofuata ukutani ilikuwa ya gari.

Swali halikujibiwa.

Limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ndilo lililopaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Kila mara watu huuliza jingine: kampuni ipi inalipa? Kati ya hizi za vipodozi, za virutubisho, za sabuni na za vyombo vya jikoni, nijiunge na ipi?

Jibu nililofikia ni hili. Jiunge na ile ambayo ungebaki na faida ndani yake hata kama hutaingiza mtu hata mmoja mpaka siku unaacha. Kama katika mji wako hakuna ya namna hiyo, basi usijiunge na yoyote.

Najua jibu hilo linawakatisha tamaa wengi walioahidiwa timu kubwa. Ndiyo maana nataka kulieleza kwa hesabu.

## Nani ananunua mara ya pili

Biashara hii ilianza na mnunuzi wa kawaida. Mwaka 1886, David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba huko Marekani na kugawa manukato kama zawadi. Akaona wateja wanayapenda manukato kuliko vitabu, akaanzisha kampuni ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Avon. Wawakilishi wake walikuwa wanawake waliowauzia majirani. Chupa ikiisha, jirani ananunua nyingine. Hapo ndipo mwakilishi alipopatia riziki.

Basi chukua katalogi na kalamu nyekundu. Kata kila bidhaa ambayo huwezi kutaja watu watatu, kwa majina, wasio wanachama wala ndugu zako, watakaoinunua kwa bei kamili. Kisha kata na zile ambazo zikinunuliwa leo hazihitajiki tena mwaka mzima. Katalogi ya kurasa themanini ikibaki na bidhaa nne, ujue hizo nne ndizo kampuni yako. Kurasa nyingine zisikupe moyo.

Bidhaa zilizobaki zipeleke sokoni, Sido au Mwanjelwa kama uko Mbeya, Soko Kuu kama uko Iringa, uzilinganishe na zilizopo rafuni. Usilinganishe bei ya kopo kwa kopo. Linganisha gharama ya matumizi ya mwezi mmoja. Sabuni ya maji ya kuchanganya inayouzwa 30,000 na kutoa lita 20 inamgharimu mteja 1,500 kwa lita. Hapo unaweza kusimama mbele ya dumu la sabuni ya kienyeji ukajieleza. Dawa ya meno yenye bei mara nne ya ile ya dukani, kwa gramu zilezile, itakushinda mwezi wa pili.

Na tazama hali ya hewa yetu. Losheni nyepesi iliyotengenezwa kwa joto la pwani haimridhishi mtu wa Makete au Uporoto mwezi wa sita, ngozi ikiwa imepauka na visigino vimepasuka magaga. Mafuta mazito ya mgando yanatoka, na ya midomo pia. Vimiminika vyenye mafuta ya nazi vinaganda kwenye chupa joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mteja asiyeelezwa mapema anadhani umemuuzia kitu kilichoharibika. Kampuni yenye bidhaa mbili zinazofaa baridi ya Nyanda za Juu inakufaa kuliko yenye mia mbili zinazofaa Kinondoni.

## Makopo kumi

Tuseme kopo lina bei ya katalogi 48,000, na mwanachama anapunguziwa asilimia 30. Unalipata kwa 33,600. Semina itakuambia faida ni 14,400 kwa kopo, kwa hiyo makopo kumi ni 144,000.

Sasa tuyalete Mbeya.

Makopo kumi yamekula mtaji wa 336,000. Mzigo kutoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 800, weka 8,000. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, 7,000. Bodaboda na daladala za kupeleka na kufuatilia malipo, 10,000. Kopo moja limekwenda kwa mkopo na halitalipwa. Hilo lihesabu tangu mwanzo, kwa sababu huku tunauziana kwa kuaminiana. Umeuza tisa, 432,000. Ukitoa mtaji na gharama zile, unabaki na 71,000.

Bado mteja hajaomba apunguziwe. Ukiwapunguzia wote tisa 3,000 tu, 27,000 imeondoka. Umebaki na 44,000.

Hizo ni namba za mfano, weka zako. Ila mpangilio wa hesabu usiubadilishe. Na uongeze muda: ikiwa fedha yote imerudi baada ya miezi miwili, mtaji wa 336,000 umekuzalia 22,000 kwa mwezi. Kama ulikopa kikoba, toa riba. Kama ulikopa kausha damu, faida hakuna.

Jambo moja linaloweza kuiua hesabu hii yote kwa pamoja ni bei ya mtandaoni. Kabla hujalipia chochote, tafuta jina la bidhaa kwenye Instagram, Facebook na makundi ya WhatsApp ya Kariakoo. Mara nyingi utakuta wanachama waliojaza stoo ili wapande ngazi wanaiuza chini ya bei ya mwanachama ili warudishe mtaji. Ukiona hivyo kwa wauzaji wengi, achana na kampuni hiyo, kwa kuwa wateja wako wana simu kama wewe. Walio karibu na Tunduma waangalie pia mzigo unaopita mpakani ukiwa na lebo ya soko la Zambia.

## Pointi za mwezi, fedha za msimu

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokwama, na sijawahi kuona semina ikipagusa.

Mifumo mingi inahesabu kwa mwezi. Ili uhesabiwe kuwa hai na ulipwe bonasi ya timu, lazima ufikishe pointi fulani kabla ya tarehe ya mwisho wa mwezi, kila mwezi. Mfumo huo umepangwa kwa wateja wenye mshahara. Sasa tazama nani ananunua huku. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au Kyela ana fedha baada ya mavuno. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anasubiri malipo yake nusu ya pili ya mwaka. Mwezi wa kwanza kila mtu ana ada na sare, mwezi wa pili na wa tatu shamba linakula palizi na mbolea. Wenye fedha ya kila mwezi ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, na wafanyabiashara wa mjini.

Tuseme pointi 100 zinahitaji ununuzi wa 250,000. Februari wateja wako wa kweli wamenunua bidhaa za 120,000. Pengo ni 130,000. Una watu sita chini yako, kila mmoja kafikisha pointi zake, na bonasi yako ni asilimia 5 ya ununuzi wao wa 1,500,000, yaani 75,000. Apulaini, yaani aliye juu yako kwenye mfumo, anapiga simu tarehe 28: "Dada, usikubali kupoteza bonasi yako, jazia tu."

Unatoa 130,000 ili upate 75,000.

Utajiambia kwamba bidhaa zipo, utaziuza Machi. Machi nayo ina pengo lake. Ikifika Juni, mvunguni mwa kitanda kuna makopo ya laki tano, na mengine yamebakiza miezi minne tarehe ya mwisho wa matumizi. Na wale sita walio chini yako? Wanajazia vilevile, kwa simu kama hiyo, safari hii ikipigwa na wewe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekualika ni hili: mwezi nisipouza kitu, napoteza nini hasa? Kampuni nzuri itakuacha na punguzo lako la bei na namba yako ya uanachama. Mbaya itakushusha ngazi, au itaihamisha timu yako kwa aliye juu yako baada ya miezi michache. Soma kipengele hicho kwa macho yako mwenyewe. Mfumo unaohesabu kwa mwaka, au usio na kiwango cha lazima, unaendana zaidi na maisha ya huku.

Uzoefu wa wengine unasaidia hapa. Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani iliamua kwamba Amway haikuwa upatu haramu, na moja ya sababu ilikuwa kanuni za kampuni yenyewe: mwakilishi auze walau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja wa rejareja wasiopungua kumi kwa mwezi ndipo alipwe bonasi, na kampuni ikubali kurudishiwa bidhaa. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali na tume hiyohiyo kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake huko Marekani ili malipo yafuate mauzo yanayoweza kuthibitishwa. Hizo ni sheria za kwao, hazikulindi ukiwa Uyole. Lakini hakuna anayekuzuia kujiwekea kanuni ya asilimia 70 na wateja kumi. Jiwekee.

## Yale maduara

Nirudi kidogo kwenye ubao. Mmoja anaingiza watano, kila mmoja watano. Endelea mpaka mstari wa nane chini yako: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Jumla, pamoja na wewe, ni watu 488,281.

Sensa ya 2022 ililihesabu Jiji la Mbeya kuwa na watu 540,000 na ushee, pamoja na watoto wachanga na wazee.

Hao wote wakiwa wauzaji, sijui mnunuzi atatoka wapi.

## Vyeti vilivyotundikwa ukutani

Utaonyeshwa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Ni vizuri kiwepo, na unaweza kulitafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni. Hakikisha linafanana herufi kwa herufi na lile lililo kwenye mkataba na kwenye akaunti unayolipia. Ukiambiwa ulipie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo.

Lakini cheti hicho kinathibitisha tu kwamba kampuni imesajiliwa. Hakisemi kwamba mfumo wake wa malipo ni halali, wala kwamba utapata faida. Vivyo hivyo kwa TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usajili wa vyakula na vipodozi: usajili ni wa bidhaa moja moja, hauihusu kampuni nzima wala biashara unayoingia. Geuza kopo, soma viambato, namba ya toleo na tarehe. Krimu yenye haidrokwinoni au zebaki ni marufuku nchini, hata ikiwa na kifungashio kizuri namna gani. Krimu isiyoandikwa viambato isiguse mkoba wako.

Na mahali ambapo hakuna bidhaa kabisa, unaweka fedha na kuahidiwa zitarudi zimeongezeka, hapo hakuna cha kuchagua. Tulikwishaona DECI mwaka 2009, watu wakipanda na kusubiri kuvuna, mpaka serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kuendesha upatu wa namna hiyo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

## Virutubisho

Sehemu hii naiandika kwa uchungu.

Kirutubisho kilichosajiliwa kama chakula si dawa. Mwakilishi hana ruhusa ya kusema kinatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo au uvimbe kwenye kizazi. Hata hivyo ndivyo kinavyouzwa, kwa sababu kopo la laki moja na nusu haliuziki kwa kusema lina vitamini. Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha vidonge vyake vya hospitali. Mtu wa kisukari akiacha dawa kwa wiki tatu akinywa unga wa majani, anaweza kufikishwa hospitali akiwa hajitambui, na aliyemuuzia ni jirani yake wa kanisani.

Kampuni inayokufundisha orodha ya magonjwa na makopo yake, ikate.

Ikate pia inayokupa kile kimashine cha kushika kwa kiganja kinachodaiwa kupima mwili mzima. Kushika chuma dakika moja hakuwezi kuonyesha hali ya ini, figo wala kizazi. Karatasi inayotoka imeandaliwa ili imwogopeshe mtu anunue. Kama unataka kuuza virutubisho kwa uaminifu, sentensi unazoruhusiwa ni zile zilizo kwenye lebo, na ya kwanza unayomwambia mgonjwa ni: "Usiache dawa zako, na muulize daktari kabla ya kuchanganya." Jiulize kama ukisema hivyo bado utauza. Jibu lako ndilo uamuzi wako.

## Mzigo ukirudi

Shirikisho la dunia la vyama vya kampuni za mauzo ya moja kwa moja, WFDSA, lina kanuni inayozitaka kampuni hizo kumrudishia mwakilishi anayeacha fedha za bidhaa alizonunua ndani ya miezi 12 iliyopita, zikiwa bado zinauzika, kwa kukata si zaidi ya asilimia 10. Uliza kama kampuni yako inafuata kanuni hiyo, na uonyeshwe kipengele chenyewe ndani ya mkataba. Maneno ya apulaini si mkataba.

Kisha uliza mzigo unarudishiwa wapi. Kama ni Dar es Salaam tu, na nauli ni yako, ongeza kwenye hesabu. Kama Mbeya kuna stokisti, yaani mwenye duka la kuhifadhi na kugawa bidhaa za kampuni, fahamu kwamba mara nyingi naye ni mwanachama mwenzako aliyejaza stoo kwa mtaji wake. Akifunga duka, huduma imehama. Na ukubwa wa jina usikulaze usingizi: mwaka 2024, Agosti, Avon Products iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, na mwezi uliofuata Tupperware nayo ikafanya hivyo. Usiwe na mzigo wa zaidi ya wiki sita ndani ya nyumba.

## Aliyekualika

Kwa muda nilifikiri jibu rahisi ni kuwaambia watu wakae mbali na biashara hii yote. Sidhani hivyo sasa. Wapo kina mama wanaouza vizuri, wanaolipa ada kwa mkoba na katalogi. Ukiangalia daftari zao unakuta wateja thelathini au arobaini wa kudumu, mzigo mdogo, mikopo michache, na pengine dauni laini, yaani wanachama walio chini yao, wawili waliokuja wenyewe. Hao ni wauza duka wasio na pango. Kampuni waliyochagua ni sehemu ya sababu, lakini daftari ndilo linalowabeba.

Kwa hiyo anayekualika mwombe daftari. Kwa heshima, kama ni shangazi au mama mchungaji, lakini mwombe: "Shikamoo shangazi, naomba nione mwezi uliopita ulimuuzia nani asiye mwanachama." Akikuonyesha majina na kiasi, kaa umsikilize. Akikuonyesha ujumbe wa bonasi kwenye simu, muulize alinunua kiasi gani ili aipate. Akikuambia maswali mengi ni dalili ya mtazamo wa kimaskini, mshukuru kwa chai uondoke.

Ugumu wa kwetu ni kwamba mwaliko huja kupitia watu tusioweza kuwakatalia. Njia inayofanya kazi ni kuwa mteja wake kwanza. Nunua kopo moja kwa bei kamili, litumie mpaka liishe. Umemheshimu, umejifunza bidhaa, na hujaandikisha jina.

## Ukiamua kuingia

Lipa ada ndogo kabisa ya kujiunga, usinunue kifurushi cha kuanzia ngazi ya juu. Agiza bidhaa tatu hadi tano tu. Andika siku uliyolipa na siku mzigo ulipofika, hali ya vifuniko, na tarehe ya mwisho kwenye kila kopo. Chini ya miezi 12 iliyobaki, usipokee. Vimiminika vifungwe kwa mfuko wa nailoni na gundi kabla ya kupandishwa kwenye basi, maana buti la basi halibagui.

Kachukue TIN, inatolewa bure TRA, na ulizia leseni halmashauri mapema.

Jipe siku tisini bila kuingiza mtu yeyote. Daftari liwe na safu tano: jina, bidhaa, tarehe, kalipa kiasi gani, kanunua tena lini. Siku ya tisini hesabu wasio wanachama walionunua tena. Wakiwa kumi au zaidi, na faida baada ya gharama zote ni chanya, endelea na uongeze mtaji kutoka kwenye faida hiyo, usikope. Wakiwa watano hadi tisa, punguza bidhaa ubaki na zile mbili zinazotoka, ujaribu siku tisini nyingine. Chini ya watano, andika barua ya kurudisha mzigo wiki hiyohiyo, makopo yakiwa bado hayajafunguliwa na muda wa kurudisha haujapita. Ambatanisha nakala za risiti, piga picha kila kopo pamoja na namba ya toleo, peleka barua ofisini au kwa stokisti, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.